Kabla ya kutia sanduku letu ndani ya kesi ya wengine, tuhesabu

Ndugu wachimbaji, mama zetu munaotwanga mawe, vijana wa kubeba mifuko, wenye mashimo na musiokuwa nayo: siku ya Yenga inayokuja, kisha misa na ibada, tutakutana Misisi kupiga kura juu ya dola 3,640. Hiyo ndiyo franga yote iliyo ndani ya sanduku la mshikamano la sendika yetu. Iliingia kidogo kidogo, franga mia tano mia tano, toka mikono ambayo munaijua. Kuna wenzetu wanaotaka dola 3,000 za humo zinunue "sehemu" katika kesi moja iliyo Marekani. Komite imegawanyika. Wanne wanakataa, watatu wanakubali. Sisi tunaoandika hapa ni wale wanne, na hatufichi.

Mtu aliyeleta jambo hili hatutamtaja, wala kampuni anayosema imemtuma, kwa sababu hatuna ushahidi kwamba ni mwizi. Inawezekana yeye mwenyewe anaamini anachouza. Alishuka Baraka kwa boti, akapanda pikipiki mpaka kwetu, akakaa siku tatu, akanunulia watu bia, akajibu kila swali akicheka. Maneno yake ni haya. Kampuni moja ndogo ya Marekani ina breve, yaani karatasi ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi, juu ya namna ya kutengeneza kipande kidogo cha ndani ya simu, kile kinachotumia tantali ya koltani. Kampuni kubwa ya simu imetumia namna hiyo bila ruhusa. Ndogo imeshitaki kubwa, inadai dola milioni 300. Inakosa franga ya kulipa avoka mpaka mwisho, kwa hiyo inauza sehemu za faida. Sehemu moja dola 100. Kisha miaka miwili, sehemu moja inarudisha dola 4,000.

Mia inazaa elfu nne! Hata shimo linalotoa vizuri halijamfanyia mtu hivyo.

Kijana mmoja akasimama na kusema: "Hii ni koltani yetu, acheni nasi tukule." Watu wakapiga makofi. Hapo ndipo tuliona kwamba jambo limeanza kuharibika, kwa sababu yule mgeni hakumsahihisha. Aliacha watu waamini kwamba kesi yake ni moja na yale mashitaka ambayo avoka wa serikali yetu walipeleka Ufaransa na Ubelgiji mwezi wa kumi na mbili 2024 juu ya kampuni ya Apple na madini ya Kongo. Si moja. Mashitaka yale yalihusu mahali madini yanapotoka na namna yanavyotoka, na Apple ilikanusha. Wa Paris walifunga dosiye mwezi wa pili 2025. Kesi ya breve haijali jiwe lilitoka Misisi ao Australia. Inauliza kitu kimoja: nani alivumbua kwanza, na nani ametumia bila kulipa. Mchimbaji hana mahali pake katika swali lile. Tukinunua sehemu, tunaingia kama mtu mwenye franga anayecheza bahati. Hatuingii kama watu wanaodai haki yao.

Sasa hatusemi kwamba kucheza bahati ni dhambi. Kazi yetu yote ni bahati. Lakini mchimbaji hashuki shimoni bila kugonga ukuta kwanza na kusikiliza. Tugonge basi.

Breve ni kama kare ya mgodi, isipokuwa mlima wake hauonekani kwa macho. Serikali inamwambia mtu: wazo hili ni lako kwa miaka fulani, anayechimba humo akulipe. Kwetu Kongo sheria ya tarehe 7 Januari 1982 inampa mvumbuzi miaka 20. Na kila nchi ina kare yake: breve ya Marekani inalinda soko la Marekani, haifiki Baraka. Lakini ugumu mkubwa ni huu. Unapomshitaki mtu kwamba ameingia katika kare yako, kazi yake ya kwanza ni kwenda kuonyesha kwamba kare yenyewe haikupaswa kutolewa. Kwamba wazo lilijulikana zamani. Akishinda hapo, hukosi fidia tu, unapoteza na karatasi yenyewe.

Sisi watu wa dhahabu tuna mfano wetu, na ni vizuri kuujua. Sianidi, ile dawa inayokula dhahabu kutoka ndani ya mchanga ambao zebaki imeshindwa, ilikuwa na breve. Mwaka 1887, Glasgow, kule Uskoti, John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili madaktari, Robert na William Forrest, waliandikisha namna ya kuitumia. Mwaka 1890 ikafika Johannesburg, na migodi ya kule, ambayo ilikuwa imeanza kukwama kwa sababu mawe ya chini yalikataa kutoa dhahabu, ikapona. Kampuni iliyoshika breve ile Transvaal, jina lake African Gold Recovery Company, ikadai fungu kutoka kwa kila mgodi unaotumia sianidi. Fikirini kama mungekuwa na hisa za kampuni hiyo wakati ule. Migodi mingi, tani kwa tani, mwaka kwa mwaka, kila moja inalipa. Ukikaa na kalamu unapata utajiri usioisha.

Wenye migodi wakaungana, wakaenda mahakamani. Mwaka 1896 mahakama ya Pretoria ikafuta breve. Watu wa sayansi walikuwa wamekwisha kuandika miaka mingi mbele kwamba sianidi inayeyusha dhahabu. Dawa ilikuwa ya kweli, wavumbuzi walikuwa watu wa kweli, dhahabu ilitoka kwa wingi, na mwenye hisa aliyehesabu fungu la Transvaal alibaki na karatasi. Mwaka uliofuata, 1897, serikali ya New Zealand yenyewe ikanunua haki za breve hiyo kwa nchi yake, ikalipa pauni 10,000. Wazo moja: Pretoria bei yake sifuri, New Zealand pauni 10,000. Mutu akikuambia kesi ya breve "ina samani ya milioni 300", mukumbuke hiyo.

Tuje kwa hiyo milioni 300. Inatoka wapi? Inatoka kwa avoka wa upande mmoja. Marekani, jaji anaweza kuhesabu fidia kwa faida ambayo mwenye breve amekosa, ao kwa fungu ambalo mutu wa haki angelipa kama angeomba ruhusa mbele. Simu ni kitu chenye vipande vingi, na fungu linahesabiwa juu ya kipande, si juu ya simu nzima. Kisha kuna sheria inayoruhusu jaji kuzidisha fidia mpaka mara tatu ikiwa mushitakiwa alifanya kwa kusudi. Mara nyingi namba kubwa inayotembea sokoni imezidishwa tayari mara tatu, kama vile jaji amekwisha kukubali.

Kesi ya Polaroid na Kodak ndiyo shule kubwa ya jambo hili. Polaroid ilitengeneza kamera zinazotoa picha palepale. Kodak ikatoa zake, na mwaka 1976 Polaroid ikaishitaki. Miaka tisa ikapita ndipo jaji akasema Polaroid ina haki. Mwaka 1986 Kodak ikalazimishwa kuacha biashara ile. Ushindi huo haukuwa na shaka tena! Kilichobaki ni kuhesabu franga, na Polaroid ikadai bilioni 12, kuzidisha mara tatu ndani yake. Kuhesabu peke yake kukala miaka mingine. Mwezi wa kumi 1990 jaji akatoa: dola milioni 909 na nusu. Akakataa kuzidisha, kwa sababu hakuona kwamba Kodak ilifanya kwa kusudi mbaya. Ilikuwa fidia kubwa sana kwa wakati ule, hatukatai. Lakini aliyenunua hisa akihesabu bilioni 12 alipata chini ya kumi kwa mia ya hesabu yake, kisha miaka 14. Na Polaroid yenyewe ilianguka, ikaomba ulinzi wa mahakama juu ya madeni mwaka 2001.

Sisi hatuna miaka 14. Tumezika vijana watatu toka Noeli.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na ule wa mgeni wetu. Kampuni ndogo ya Marekani inaitwa VirnetX. Kazi yake kubwa ilikuwa kushika breve na kushitaki, na watu wadogo walinunua hisa zake kwa kungojea fidia. Iliishitaki Apple mwaka 2010. Mwaka 2020, kisha miaka kumi, Apple ikalipa dola milioni 454. Zililipwa kweli. Na mwaka uleule kampuni ikagawia wenye hisa dola moja kwa kila hisa. Dola moja. Avoka wamekula, gharama za miaka kumi zimekula, na hisa zilikuwa makumi ya milioni. Mwezi wa kumi wa mwaka huohuo 2020, katika kesi ya pili, juri ikaipa tena VirnetX dola milioni 502. Watu wakashangilia. Mwezi wa tatu 2023 mahakama ya apeli ikafuta yote, kwa sababu breve zenyewe zilikuwa zimetangazwa kwamba hazifai. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Milioni 502 zikawa moshi.

Kwa hiyo siku ile tulimwuliza mgeni wetu swali moja la mtoto wa shule: sehemu munauza ngapi jumla? Akasema: "Sehemu ni chache, mufanye haraka." Tukarudia. Akasema ni siri ya kampuni. Mama anayeshika ufunguo wa tatu wa sanduku akamwambia, "Papa, mimi nikigawa ugali bila kujua watoto ni wangapi, nitamwambia mmoja atapata kiasi gani?" Watu wakacheka, lakini yule bwana hakujibu.

Tulihesabu wenyewe kwenye meza, kwa kalamu, na tunaomba kila mtu ahesabu tena nyumbani. Tumemwonea huruma mgeni, tumechukua namba nzuri. Anadai milioni 300. Tuseme jaji akikubali atatoa milioni 60. Nafasi ya kushinda mara ya kwanza tuiweke nusu kwa nusu: inabaki milioni 30. Nafasi ya ushindi huo kupona katika apeli na katika vita ya kufuta breve, tuseme sita kwa kumi: inabaki milioni 18. Avoka wanachukua theluthi: milioni 12. Kampuni haitauza faida yake yote kwa watu wa vijijini, na wale waliotia franga kubwa wanalipwa mbele. Tuseme wanunuzi wadogo wameachiwa moja kwa kumi. Milioni 1 na elfu 200. Ikiwa sehemu zilizouzwa ni 20,000, kila sehemu ina thamani ya dola 60. Umeinunua 100. Ikiwa zimeuzwa 5,000, ni dola 240. Ikiwa zimeuzwa 100,000, ni dola 12, bei ya kuku wawili.

Mwaona mahali hesabu inapoinama? Haiinami sana kwa milioni 300. Inainama kwa ile namba aliyoificha.

Na hata hiyo 60 si kitu utakachoshika mkononi. Nusu mara sita kwa kumi ni tatu kwa kumi. Maana yake, kesi kumi za namna hii zikienda, saba zinarudisha sifuri. Hazirudishi nusu, hazirudishi mtaji. Tajiri wa London ao New York anayefanya biashara ya kutia franga katika kesi anajua hivyo, na kwa hiyo anatia katika kesi ishirini ao thelathini, analia kwa zile zilizoanguka, anakula kwa zile chache zilizosimama. Sisi tuna sanduku moja.

Tunajua jibu la wenzetu watatu, na si jibu la kijinga. Wanasema: PDG anatia franga ndani ya shimo miezi sita, analisha vijana, ananunua mbao na mazuti ya pampu, na dhahabu haitoki. Mbona hamumwambii ahesabu? Tunakubali. Wengine kati yetu sisi wanne tumepoteza namna hiyo, na mmoja aliuza nyumba ya Baraka kwa ajili ya shimo lililojaa maji. Lakini shimo unaliona. Unashuka, unachukua jiwe, unatwanga, unaosha, unajua leo kama kesho utaacha. Kesi ya Marekani hauwezi kuishukia. Hauwezi kuiacha katikati na kurudishiwa mbao zako. Na PDG anatia franga yake mwenyewe. Hii ya sanduku si ya komite. Ni ya mutu ambaye ukuta utamwangukia wiki ijayo.

Kisha, ndugu, kushinda si kulipwa. Hilo hatuhitaji Marekani itufundishe. Mwezi wa pili 2011 mahakama ya kijeshi ilikaa hapa Baraka kuhukumu maofisa na askari kwa yale yaliyofanyiwa mama zetu wa Fizi usiku wa mwaka mpya. Hukumu ilitoka, watu walifungwa, na fidia ikaandikwa. Miaka ilipita mama hao wakiendelea kuuliza franga iko wapi. Katanga, watu wa Kilwa waliouawa ndugu zao mwaka 2004, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliwapa haki, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba walipwe dola milioni 2 na nusu. Nao walibaki kushika karatasi. Na pale franga inapofika, mugawanyo unaipunguza. Wazee wa Mau Mau wa Kenya walipatana na Uingereza mwezi wa sita 2013: pauni milioni 19.9 jumla, na gharama za avoka zikiwa humohumo, kwa watu 5,228. Gawanya hata bila kutoa za avoka, ni karibu pauni 3,800 kwa mtu. Wazee wale walikuwa wenye uchungu wenyewe, si wanunuzi wa sehemu. Mnunuzi anasimama nyuma kabisa ya mstari.

Hatutaki kufungia mtu yeyote mfuko wake. Aliye na dola 100 ambayo akiipoteza watoto watasoma na kula, na anapenda kujaribu, ni yake. Lakini kabla hajatoa, amwombe mgeni vitu ambavyo karatasi za rangi hazina: namba ya breve na mwaka itakapoisha, jina la tribinali na namba ya kesi, sehemu zote ni ngapi, nani analipwa mbele yake, na karatasi ya sehemu itasainiwa na nani mwenye anwani Kongo. Kesi ya Marekani ina namba, na avoka yeyote wa Uvira mwenye intaneti anaweza kuitafuta kwa siku moja. Tulimwomba mgeni namba hiyo mara mbili. Mara ya pili alisema ataituma kwa simu. Leo ni siku kumi na moja.

Wenzetu watatu wameleta pia wazo la kutia dola 1,000 tu, "tujaribu". Tumelifikiri usiku mzima, kwa sababu tunataka amani katika komite. Lakini kwa vita hii inayotuzunguka, na bei ya dawa inapanda kila barabara inapofungwa, dola 1,000 ni wagonjwa watano ao sita. Hatutapiga kura ya ndiyo hata kwa hiyo.

Mkutano ni saa nne asubuhi, chini ya mwembe karibu na soko. Mje na daftari zenu za michango, kwa sababu anayepiga kura ni yule ambaye jina lake limo. Wenye funguo watatu watafungua sanduku mbele ya wote na kuhesabu kwa sauti. Na mujue kwamba kijana wetu aliyevunjika mguu shimo lilipoporomoka mwezi uliopita bado yuko kitandani hospitalini Baraka, amewekewa vyuma. Daktari anasema atamruhusu siku ya kwanza ya juma, ikiwa tumelipa dola 210 zilizobaki.